Nipe Hitilafu Ileile Tena

Mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, wahandisi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: nashukuru kwa nafasi hii.

Mada niliyopangiwa ni mazingira ya programu ya kuigia kazi za kompyuta zilizosambaa. Ni maneno mengi, lakini jambo lenyewe halina fumbo. Tunaandika programu itakayoendeshwa kwenye mashine nyingi zinazoongea kwa mtandao. Tunataka kujua itakavyokuwa kabla haijafika mikononi mwa watu. Mashine zenyewe hatuna, au tunazo chache, au tunazo nyingi lakini hakuna atakayeturuhusu kuzizima ovyo ili tuone nini kitatokea. Kwa hiyo tunajenga dunia ya kuigiza ndani ya kompyuta moja, tunaiweka programu humo, na tunaitazama.

Wengi wakiulizwa kiigaji kizuri ni kipi, hutaja ukubwa: kinabeba nodi ngapi, yaani mashine ngapi za kuigiza, kinamaliza kwa dakika ngapi. Hayo yana maana yake na nitayafikia. Mimi naanza na swali jingine. Hitilafu ikijitokeza ndani ya kiigaji leo, kesho naweza kuipata ileile, kwa mpangilio uleule, hatua kwa hatua? Kama siwezi, sioni nilichofaidi zaidi ya kuongezewa wasiwasi. Ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote yatalizunguka hilo.

Tuanze na sababu. Programu inayoendeshwa kwenye mashine moja, kwenye uzi mmoja, yaani mfuatano mmoja wa maagizo, ina adabu: mstari wa tano haumtangulii wa nne. Ukishakuwa na mashine mbili, adabu hiyo imekwisha. Mwaka 1978 Leslie Lamport alionyesha kwamba mashine zisizo na saa moja ya pamoja haziwezi siku zote kusema kati ya matukio mawili lipi lilitangulia. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba hili lingeweza kuliathiri lile, au kwamba hakuna lililoweza kumfikia mwenzake. Sasa chukua ujumbe kumi usiotegemeana, uko njiani kuelekea seva moja. Unaweza kufika kwa mipangilio 3,628,800. Ujumbe ukiwa ishirini, idadi inapita bilioni mbili mara bilioni moja. Ukijaribu programu yako kwenye mashine halisi, unaona mpangilio mmoja tu, ule ambao mtandao umekuamulia wakati huo. Ukijaribu tena, unapata mwingine. Ule uliokuangusha jana hauna anwani ya kuurudia.

Tena mipangilio mibaya haihitaji muda mrefu kuleta maafa. Tarehe 21 Oktoba 2018, katika matengenezo ya kawaida ya vifaa vya mtandao, kituo kikuu cha data cha GitHub, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, kilichoko pwani ya mashariki ya Marekani kilipoteza mawasiliano na kitovu cha mtandao wake kwa sekunde 43. Mfumo wa kusimamia hifadhidata uliona kiongozi hapatikani, ukapiga kura, ukahamishia uandishi kwenye seva za pwani ya magharibi. Mawasiliano yaliporudi, kila upande ulikuwa na data ambayo mwenzake hana. Huduma ilikaa katika hali mbovu kwa saa 24 na dakika 11. Wenyewe waliandika taarifa ya wazi kabisa juu ya tukio hilo, na ninawashauri wanafunzi waisome, kwa sababu ndani yake hakuna mjinga. Kila sehemu ilifanya kile ilichopangiwa. Ila hakuna aliyekuwa amezikutanisha sehemu zote na mkatiko wa aina ile, wa urefu ule, mahali pale.

Sasa niingie jikoni. Kiigaji cha matukio kimejengwa juu ya vitu viwili: saa ambayo ni namba tu ndani ya kumbukumbu, na foleni ya matukio yaliyopangwa kwa wakati wake. Kiigaji hutoa tukio la kwanza kwenye foleni, husogeza saa mpaka wakati wa tukio hilo, huliendesha, na kama likizaa matukio mengine huyarudisha kwenye foleni. Kisha huchukua linalofuata. Foleni ikiisha, dunia imekwisha. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuandika kitu hicho kwa mistari isiyofika mia moja, na ningependa kila mmoja wenu akiandike walau mara moja kabla hajapakua cha mtu mwingine.

Tukitazame kikifanya kazi. Tuna seva mbili, A na B, ghala moja la data, na huduma ya kutoa vibali. Kibali kinampa mwenye nacho haki ya kuandika kwenye ghala kwa sekunde 10, ili seva mbili zisiandike kwa pamoja. Wazo zuri, limo kwenye mifumo mingi.

Saa ya kiigaji, inayohesabu kwa sekunde, inasoma 0. A anaomba kibali. Saa 0.002 anapewa. Saa 1.000 A anasoma rekodi kutoka ghalani, na anaanza kupiga hesabu. Saa 1.100 linatoka tukio ambalo si A aliyeliomba: kiigaji kimeamua kumsimamisha. Kwenye mashine halisi hii ndiyo ile hali ya mkusanya taka, anayerudisha kumbukumbu isiyotumika tena, kuisimamisha programu nzima, au mashine pepe kuhamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. A amelala, na ataamka saa 13.100. Tazameni sasa jinsi saa inavyoruka: kutoka 1.100 hakuna kitu kwenye foleni mpaka 10.002, kibali kinapoisha. Sekunde karibu tisa zimepita bila kutumia hata sekunde moja ya kweli. Saa 10.500 B anaomba kibali, anapewa. Saa 10.800 B anaandika ghalani, anaambiwa imekubaliwa. Saa 13.100 A anaamka. Kwa A hakuna kilichotokea. Mstari aliokuwa akiuendesha unafuatwa na mstari unaofuata, na mstari huo unasema andika. Saa 13.103 ghala linapokea maandishi ya A na kuyafuta ya B, ambaye alishaambiwa data yake iko salama.

Dawa yake inajulikana: huduma ya vibali itoe kila kibali na namba inayopanda, na ghala likatae maandishi yenye namba ndogo kuliko ile kubwa liliyokwisha kuiona. A akija na namba 33 wakati ghala limeshaona 34, anarudishwa. Lakini mimi dawa hainishughulishi sana leo. Linalonishughulisha ni zile sekunde 12 za usingizi. Kwenye seva halisi usingizi wa namna hiyo, ukiangukia katikati ya kusoma na kuandika, unaweza usionekane kwa miezi, kisha ukaonekana mara moja usiku wa manane na usiache alama yoyote kwenye logi. Ndani ya kiigaji ulitoka kwenye kizalishi cha namba nasibu, na kizalishi hicho kilianza na mbegu. Mbegu ni namba tu, tuseme 81127. Nikikipa kiigaji 81127 kesho, A atalala saa 1.100 na kuamka saa 13.100. Naweza kuongeza mistari ya kuchapisha, naweza kusimamisha dunia saa 10.799 nikachungulia kumbukumbu ya B, na hitilafu itanisubiri palepale. Nikishaweka dawa, naendesha tena mbegu hiyohiyo kuona kama kweli imetibu.

Kuigiza huku si wazo jipya. Zana zetu zimetoka kwenye Simula, lugha iliyotungwa na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard katika kituo cha kompyuta mjini Oslo, Norway, miaka ya 1960. Walitaka lugha ya kuigia foleni za viwandani, bandarini na kwingineko, na katika kutafuta namna ya kuandika kitu chenye hali yake na maisha yake kinachoishi sambamba na wenzake, wakafika kwenye klasi na obijekti. Ninaona haifundishwi vya kutosha kwamba programu ya obijekti ilizaliwa kwenye uigaji. Watu huanza kufundishwa klasi kwa mifano ya wanyama wanaobweka na kulia, wakati mama yake halisi ni foleni ya matukio.

Kuna mjukuu pia. Bjarne Stroustrup, alipokuwa akifanya shahada yake ya uzamivu Cambridge, Uingereza, alihitaji kiigaji cha programu za mfumo zinazoendeshwa kwenye mashine zilizosambaa. Akakiandika kwa Simula. Anasimulia kwamba kukiandika kulikuwa raha: mawazo yake yaliingia kwenye lugha bila kukunjwa. Kilipoanza kuendeshwa kwenye mashine kubwa ya IBM, kikawa hakiendi. Vipimo vilionyesha zaidi ya asilimia 80 ya muda inaliwa na mkusanya taka, ilhali kiigaji chake hakikuwa na taka ya kukusanya. Ikabidi akiandike upya kwa BCPL, lugha ya chini kabisa, yenye kasi, isiyo na huruma kwa mwandishi. Alitoka pale amekula kiapo kwamba hatarudi tena kwenye kazi ngumu bila zana zinazofaa, na mwaka 1979 akiwa Bell Labs akaanza kazi iliyokuja kuwa C++. Mkiulizwa kiigaji cha mifumo iliyosambaa kimewahi kuleta faida gani, mnalo jibu.

Mvutano ule wa Stroustrup tunao hadi leo: lugha inayokuruhusu kusema unachofikiri, dhidi ya mashine inayokwenda. Mfano ni viigaji vya Java vya kizazi cha gridi na wingu. GridSim ya Rajkumar Buyya na Manzur Murshed, mwaka 2002, iliipa kila nodi uzi wake. Inasomeka vizuri: nodi ni uzi, uzi una maisha yake. Shida ni kwamba nyuzi zinagharimu kumbukumbu, na kubadilishana zamu kati yake kunagharimu muda, kwa hiyo ukiongeza nodi unafika ukingoni mapema. CloudSim iliyotoka Chuo Kikuu cha Melbourne ilikuja kuachana na msingi ule na kujiandikia injini yake ya matukio. Upande mwingine kuna PeerSim ya mitandao ya rika kwa rika, iliyofika nodi milioni moja kwa kuchagua wazi kutupa mengi: katika hali yake ya mizunguko haina habari na ucheleweshaji wa mtandao hata kidogo, kila nodi inapata zamu yake, basi. Kwa mtu anayechunguza kama uvumi utawafikia wote, inatosha. Kwa mtu anayetaka kujua utawafikia baada ya milisekunde ngapi, haina msaada wowote, na asiilaumu.

Hapo ndipo swali la ukubwa linapoingia, na jibu lake ni kuuliza unatupa nini. Chukua faili la baiti bilioni moja linalopita kwenye mtandao. Kiigaji cha pakiti kama ns-3, au OMNeT++ ikiwa na maktaba zake za mitandao, kitaligawa katika pakiti karibu 667,000 za baiti 1,500, na kila pakiti itazaa matukio kadhaa kila inapopita kituo. Unapata ukweli wa ndani sana: foleni za ruta zinavyojaa, pakiti zinavyodondoka, mtumaji anavyopunguza kasi. Unalipa kwa kungoja. SimGrid, iliyoanza na Henri Casanova na ikalelewa sana baadaye na watafiti wa Ufaransa, inachukua njia nyingine: inalitazama faili hilo kama maji yanayotiririka, inagawa upana wa njia kwa mitiririko yote iliyopo, na inapiga hesabu upya pale tu mtiririko mmoja unapoanza au kuisha. Matukio ya pakiti zile laki sita na zaidi yanakuwa machache ya kuhesabika kwa vidole. Kosa lake liko kwenye ujumbe mdogomdogo, ambao hauishi muda wa kutosha kuwa mtiririko, na wenyewe wamefanya kazi kubwa ya kulipima kosa hilo na kulisema. Hiyo kazi ya kupima naiheshimu kuliko kasi yenyewe.

CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva, walishaelewa faida ya kutupa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kabla kiongezakasi kikubwa cha chembe hakijawashwa, mradi wao ulioitwa MONARC uliiga data ikitoka Geneva kwenda kwenye vituo vya kikanda, ili wajue kama mpangilio wa ngazi, kituo kikuu kikizungukwa na vidogo, utabeba mzigo. Hakuna aliyehitaji kujua pakiti moja inafanya nini. Walihitaji kujua wajenge wapi na nyaya za upana gani.

Kwa maswali ya namna hiyo, ya uwezo, ya mpangilio, ya nani apewe kazi gani, modeli iliyoandikwa pembeni inafaa sana. Unaeleza kazi kama namba: inahitaji hesabu kiasi hiki, inatuma baiti kiasi hiki. Programu halisi haimo. Kwa maswali ya usahihi nina msimamo tofauti, na najua baadhi ya walimu waliokaa mbele hatukubaliani. Modeli ya pembeni ni andiko la pili. Siku ya kwanza inafanana na programu. Baada ya mwezi, programu imebadilishwa na watu sita na modeli haijaguswa na mtu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kukutana na modeli iliyopitwa na wakati, maana hiyo inaweza kuwadanganya watu miaka na mikaka, na grafu zake zikawa nzuri muda wote.

Njia ninayoipenda ni kuendesha programu yenyewe ndani ya dunia ya kuigiza. SimGrid ina sehemu inayofanya hivyo kwa programu za MPI, yaani zile ambazo sehemu zake hutumiana ujumbe: unachukua msimbo ulioandikwa kwa ajili ya kompyuta kubwa za sayansi, unauendesha kwenye kompyuta yako ndogo, nao unaamini uko kwenye klasta, kundi la mashine zinazofanya kazi pamoja. Kwenye hifadhidata, waliokwenda mbali zaidi ni FoundationDB. Walipoanza, karibu mwaka 2009, kabla hawajawa na hifadhidata walijenga kiigaji. Waliongeza juu ya C++ lugha yao ndogo, Flow, ambayo inaandika kila shughuli kama mhusika anayengoja ujumbe. Faida yake ni kwamba mashine zote za klasta zinaweza kuishi ndani ya mchakato mmoja, kwenye uzi mmoja, na mtandao, diski na saa vyote vinapitia mlango mmoja. Mlango huo ukiunganishwa na mtandao halisi, ni hifadhidata. Ukiunganishwa na kiigaji, ni hifadhidata ileile, msimbo uleule, iliyokaliwa na mtu anayezima mashine, anayekata nyaya na kujaza diski kwa kadiri ya mbegu aliyopewa. Apple waliinunua kampuni hiyo mwaka 2015, na msimbo ukafunguliwa kwa umma mwaka 2018, kwa hiyo mnaweza kusoma mlango huo ulivyojengwa.

Jambo moja la kwao ambalo ningeliiga hata kama nisingechukua kitu kingine: ndani ya msimbo wa hifadhidata wameweka sehemu zinazojua kwamba ziko kwenye uigaji na kujiharibu makusudi. Hapa chelewa kidogo. Hapa rudisha kosa ingawa kazi imefaulu. Hapa punguza ukubwa wa kache, hifadhi ya muda ya data inayotumika sana, mpaka karibu na sifuri. Kila sehemu inawashwa au kuzimwa kwa bahati, kulingana na mbegu. Ni akili kubwa, kwa sababu hitilafu nyingi mbaya hujificha nyuma ya hali ambayo kwa mipangilio ya kawaida hutokea mara moja kwa mwaka. Mwandishi wa sehemu ile anaijua hali hiyo, anajua ni wapi roho inamdunda, na anapewa njia ya kumwonyesha kiigaji: jaribu hapa.

Ugumu uko wapi? Kwenye kuziba matundu. Mbegu ileile itakupa historia ileile endapo tu hakuna kitu kinachoingia kutoka nje bila kupita mlangoni. Na vitu vinaingia! Mtu ameita saa ya mfumo moja kwa moja katika faili moja la zamani. Maktaba mliyoipakua inaanzisha uzi wake bila kuaga. Jedwali la hashi, muundo wa kutafuta vitu kwa haraka, linapanga vitu vyake kwa kufuata anwani za kumbukumbu, na anwani hubadilika kila programu inapowashwa, hivyo leo ujumbe unatumwa kwa seva ya 3 kwanza, kesho kwa seva ya 1. Hili la jedwali la hashi limeshakula siku nyingi za watu wengi. Kuna kipimo rahisi cha kulikamata: endesha mbegu moja mara mbili, kila tukio linapotoka kwenye foleni changanya maelezo yake kwenye namba moja ya muhtasari, kisha linganisha namba hizo mbili mwishoni. Zikitofautiana, una tundu. Tafuta tukio la kwanza lililotofautiana na utalikuta tundu lenyewe karibu naye. Kipimo hiki kiwekwe kiendeshwe kila msimbo unapobadilika, maana tundu halichimbwi na adui, linachimbwa na mwenzako aliyekuwa na haraka.

Gharama yake ni kwamba huwezi kuamua jambo hili mwaka wa tatu wa mradi. Mlango lazima uwepo tangu siku za mwanzo, na lugha uliyoichagua ina usemi mkubwa: lugha ambayo mratibu wake wa nyuzi huwezi kumshika inakupa kazi ngumu zaidi kuliko ile inayokuachia uamue nani aendelee sasa. Waliokwisha kuchelewa wanabaki na njia ya kutokea nje: kuendesha mfumo halisi kwenye mashine halisi, kukata mtandao, na kuchunguza kama majibu yaliyotoka yanapatana na ahadi, kama zana ya Jepsen inavyofanya. Imefichua mengi, na sitaidharau. Ila ukishapata kosa huko, hesabu kwamba huenda ukalisaka upya kwa bahati.

Nimeulizwa kabla ya kikao kuhusu kuendesha kiigaji chenyewe kwa usambazaji, yaani foleni moja ya matukio igawanywe kwenye mashine nyingi. Nitapita haraka. Ipo njia ya tahadhari ya Chandy, Misra na Bryant ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ambapo hakuna sehemu inayoendesha tukio mpaka iwe na hakika halitatokea la nyuma yake. Ipo njia ya David Jefferson ya mwaka 1985, ambapo kila sehemu inakimbia mbele bila kungoja, na ikigundua ujumbe wa wakati uliopita inarudisha historia yake nyuma na kutuma ujumbe wa kufuta ule iliokwisha kuutuma. Ni kazi nzuri mno kuisoma. Kwa wengi wenu hamtaihitaji: mkiwa na mashine mia moja, endesheni viigaji mia moja vya uzi mmoja, kila kimoja na mbegu yake, na hakuna haja ya kimoja kumjua mwenzake.

Ninalotaka kulikazia zaidi ni mipaka, kwa kuwa mbegu bilioni moja hazitakuonyesha kile ambacho kiigaji chako hakijui kuwa kinawezekana. Kama diski yako ya kuigiza, kila ikiambiwa hifadhi, inahifadhi, hutajua programu yako inafanya nini na diski inayosema imehifadhi kisha umeme ukikatika ikakutwa na nusu ya ukurasa. Kama mtandao wako unajua hali mbili tu, umewaka au umekatika, hutakutana na ule unaopitisha ujumbe kutoka A kwenda B na kukataa kurudi, na hali hiyo ipo kwenye mitandao halisi. Kama saa zote za seva zako zinasoma namba moja, umeshaifuta nusu ya matatizo ambayo Lamport alikuwa akiyazungumzia. Hata umbali una ukweli wake: mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukata takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, na nimeona viigaji ambavyo seva zilizotenganishwa na bahari zinajibizana kana kwamba zimewekwa kwenye kabati moja. Kwa hiyo kila tukio baya likitokea kwenye mfumo halisi, swali la kwanza la kikao cha tathmini liwe kama kiigaji kingeweza kulizaa. Kama kisingeweza, kirekebishwe kabla ya programu, mpaka ipatikane mbegu inayolizaa. Baada ya hapo rekebisha programu.

Wapo watakaosema ukaguzi wa modeli unamaliza yote haya, kwa kuwa unapita mipangilio yote badala ya kuokota kwa bahati. Kwa itifaki ndogo, yenye seva tatu na ujumbe wa kuhesabika, nakubali, na Amazon wameandika jinsi lugha ya TLA+ ya Lamport ilivyowafichulia kasoro ambazo hakuna jaribio lililoziona. Lakini rudini kwenye ile hesabu ya ujumbe ishirini. Programu nzima, na diski yake na kache zake, haipitiki yote. Itifaki ikaguliwe kwenye karatasi, programu iigwe. Anayefanya moja tu ajue ameacha mlango upi wazi.

Kwa wanafunzi wanaotafuta mradi wa mwisho wa masomo: chukueni itifaki ya Raft, ya kuzifanya seva nyingi zikubaliane chini ya kiongozi mmoja, iliyochapishwa na Diego Ongaro na John Ousterhout mwaka 2014, maana maelezo yake yameandikwa ili yaeleweke. Iandikeni bila kuita saa wala soketi, yaani mtandao, popote. Kila kitu kiingie kama ujumbe na kitoke kama ujumbe. Andikeni na ile injini ya matukio ya mistari mia moja. Kisha wekeni kanuni moja ya kukaguliwa baada ya kila tukio: muhula mmoja, yaani kipindi kinachoanza na uchaguzi wa kiongozi, usiwe na viongozi wawili. Endesheni mbegu 1 hadi 100,000 usiku kucha. Zile zinazovunja kanuni zihifadhini kwenye faili, pamoja na namba ya toleo la msimbo, kwa kuwa mbegu bila toleo lake haifufui kitu. Mkinitumia faili hilo pamoja na msimbo, nitaliendesha kwangu na tutazungumza tukiwa tunatazama kitu kimoja.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na hii siwezi kuirukisha. Naona mikono imeshaanza kunyanyuliwa. Tuanze na dada aliyeko karibu na mlango.